Soma, Kilio Kingoje

Kasongo ina redio za kutosha kuleta habari mbaya, na Asma aliona hakuna haja ya yeye kuongeza. Nyumba ya nani imeungua, barabara gani imekatika, ugonjwa gani umeingia kijiji gani: hayo hufika yenyewe bila kualikwa, na hufika saa ya chakula. Mazuri ndiyo yanayotaka kutafutwa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kuchajia simu karibu na soko, alipanda kilima ambako rezo ya simu inashika vizuri, akapekuapekua mtandaoni, na akikuta andiko la kumpa mtu nguvu ya kuamka kesho, akalihifadhi kwenye simu. Jumapili mchana wanawake wa mtaa walikuja uani kwao na vinu vyao, wakawa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, huku yeye akiwasomea, Kifaransa kikigeuka Kiswahili papo hapo mdomoni mwake. Mto uliokuwa umekufa kwa uchafu na sasa una samaki. Bibi mwenye vitukuu aliyeingia darasa la kwanza. Kijiji kilichopanda miti mpaka chemchemi ikarudi.

Walimtania, wangeachaje? Walimwita Radio Tamu. Hata hivyo walikuja, Waislamu na Wakristo, kwa sababu Asma hakuwa na tabia ya kukata mwisho. Andiko likiwa na uchungu ndani yake, alilisoma na uchungu wake. Alisema yeye hagawi peremende.

Lakini Ijumaa hii uani hapakuwa na kinu hata kimoja. Jumanne mvua ilikuwa imeipiga Salamabila, na shimo alimokuwa akichimba dhahabu Iliasi, mume wa Asma, likaporomoka. Ndani walikuwa wawili: Iliasi, na Alain, mtoto wa pekee wa jirani yao Rosine. Walitoka Kasongo pamoja, wakapanga chumba kimoja, wakaingia shimoni pamoja. Aliyepiga simu jioni ile alikuwa Marcellin, pedege wao, maana ndivyo wachimbaji wanavyomwita mkubwa wa shimo. Asma alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake aende, Marcellin akamkatalia.

"Shemeji, baki kule kule. Njia imekatika, na hapa utaangalia migongo ya watu tu. Kazi yako iko pale nyumbani. Musilie. Umesikia? Mutu yeyote asilie."

Asiye na ndugu shimoni na aelewe jambo hili. Kwa watu wa Marcellin, shimo lililoliliwa limekwisha kuwa kaburi. Kilio kikianza kwa familia ya aliyefunikwa, hata iwe mbali namna gani, mchimbaji anaweka chini baramini yake, kile chuma kirefu cha kuvunjia mwamba, anapanda juu, ananawa mikono. Hakuna atakayepiga chuma juu ya kaburi la mwenzake, umbembeleze au umtukane. Ni adabu kwa wafu, na ni adabu nzuri, ila ina meno. Na siku hizi kilio hakiendi kwa miguu. Mmoja akipiga mayowe Kasongo, mwingine anarekodi, na kabla sufuria haijachemka sauti imefika Salamabila.

Basi hawakulia. Jumanne ile wachimbaji walisikia jiwe likigonga kutoka ndani, mtu akiomba kufikiwa. Tangu hapo, kimya. Walichimba kwa zamu, mvua ikinyesha, udongo ukirudi. Mama Amisa, mzazi wa Iliasi, alikaa kwenye mkeka ameuma pembe ya kikwembe chake, na alipohisi kilio kinampanda kooni aliuma zaidi. Kitambaa kile kilikuwa kimekwisha kutoboka. Asma alimpikia uji, akamnywesha, akaenda nyuma ya jiko kutetemeka peke yake, akarudi.

Baada ya swala ya Ijumaa aliingia Baba Mukubwa Amuri, kaka wa marehemu baba yake Iliasi, na nyuma yake vijana wamebeba viti na bashi, lile turubai kubwa la matanga. Amuri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu ikichelewa ilimwasha mwilini kama upupu. Wanawake wa mtaa walipoona viti, walijua maana yake, wakaanza kuingia mmojammoja, wamejifunga vichwa.

"Asma, sasa tosha," alisema Amuri. "Tangu Jumanne mutu iko chini ya udongo. Tumuswalie, tulie, tumalize. Kukataa kilio ni kukataa kadari ya Mungu."

"Baba Mukubwa, Mungu bado hajasema."

"Udongo ilisema."

"Udongo si Mungu."

Amuri alivuta pumzi puani. Watu wote wa ukoo walijua kidonda chake kiko wapi, naye hakuwahi kukificha. "Mimi nilimukataza! Nilimuambia duka ya baba yake iko, akae auze sabuni na chumvi. Akaenda. Nilimuambia mbele yenu wote: msiba wa kujitakia hauna kilio."

"Ulimuambia," alisema Asma, "nami nilisikia. Basi simama pale pale, Baba Mukubwa. Kama hauna kilio, tusilie."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa aibu. Mzee wa watu hakuwahi kupigwa na methali yake mwenyewe, tena na mwanamke, tena mbele ya viti vya kukodi. Akasimama ameshika kofia yake. Kisha akatamka neno lake, na yeye akiwa mkubwa wa ukoo, neno hilo halikuwa na wa kulirudisha.

"Mpaka adhana ya alasiri. Wakiwa hawajamufikia, mimi mwenyewe nitatangaza, na mama yake atalia kama mama wa watu."

Akaketi. Vijana wakaanza kufunga bashi kwenye miti ya ua.

Wakati huo Rosine alivuka kutoka kwake, rozari mkononi, akaketi mkekani karibu na Amisa. Alitazama bashi likipanda, akatazama watu walivyojaa, midomo imekazwa, macho mekundu, na Asma akaona hatari ilipo. Kilio ni kama miayo, huambukiza. Mmoja tu akilegea, ua mzima utalipuka, na huyo mmoja hatahitaji hata ruhusa ya Amuri. Masikio haya yanataka kazi, aliwaza, maana mtu anayesikiliza hana nafasi ya kulia.

Akatoa simu yake, akaketi katikati ya mama wale wawili.

"Leo si Jumapili," alisema mmoja nyuma.

"Kwangu ni Jumapili," alisema Asma, akaanza kusoma.

Alisoma ile ya mto na samaki. Alisoma ya bibi wa darasa la kwanza, na alipofika pale bibi anapoitwa ubaoni akasahau miwani, watu wawili watatu walitabasamu kwa nguvu, uso ukipigana na uso. Sauti yake ilikuwa inakauka, lakini kila alipotua alisikia koo za watu zikianza kufanya kazi, basi hakutua. Alisoma ya madaktari waliopata dawa ya ugonjwa uliokuwa hauna dawa. Jua lilikuwa linatambaa ukutani. Amuri hakulitazama jua, alilitazama bashi, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Asma," aliita Rosine polepole, "hauna ya watu wa shimo?"

Alikuwa nayo. Siku zote hizi kidole chake kilikuwa kinairuka. Lakini mama ameuliza, na aliyeuliza ana mtoto chini ya ardhi. Akaifungua.

Ilikuwa ya nchi ya mbali, ambako mlima uliwafungia wachimbaji ndani. Wake zao walipika kila siku, wakapanga sahani, kila sahani na jina la mtu wake, na jioni hawakuziondoa. Watu wakubwa walikuja kuwaambia warudi nyumbani. Wao wakaleta kuni zaidi. Waokoaji wakatoboa, wakakosea, wakatoboa tena, mpaka siku moja kamba ikavutwa kutoka chini. Hata vijana wa bashi walikuwa wamekaa chini. Asma alisoma mtu wa kwanza akitoka amefumba macho kwa sababu ya mwanga, na mke wake akimgusa masikio kama anayehesabu mali yake.

"Wote walitoka?" aliuliza Amuri.

Neno "wote" lilikuwa hapo ulimini, tayari, na lilikuwa jepesi. Nani angejua? Kifaransa kilikuwa kwenye simu yake, na simu ilikuwa mkononi mwake. Asma alimtazama Rosine, akaona hawezi.

"Hapana, Baba Mukubwa. Si wote. Wengi."

"Wetu ni wawili," alisema Amuri. "Wengi ya wawili ni nani?"

Asma angeweza kumrushia simu ile kwenye kofia, na Mungu angemsamehe. Mama Amisa alikuwa amekirudisha kikwembe kinywani. Ni Rosine aliyesema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuogopa.

"Yeyote, Baba Amuri. Hata mumoja. Soma, mutoto yangu."

Simu ikalia papo hapo. Jina lilikuwa la Marcellin. Asma aliinuka, akaenda nyuma ya jiko, kwenye kuni.

"Shemeji, uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Tumetoboa. Njia inapitisha mutu mumoja-mumoja, nimetangulia mimi. Alain iko muzima. Iko anapumua, anaomba maji. Jiwe limemukamata mguu."

"Na Iliasi?"

Marcellin alikuwa mtu wa kujibu kabla hujamaliza swali. Safari hii alikawia, na kukawia kule kukawa jibu.

"Iliasi iko mbele zaidi, kule chini. Ilimukuta siku ile ile, shemeji. Alain anasema hakusema hata neno." Sauti yake ikapasuka, akaiokota. "Sikiliza. Hawa wenzangu hawajui. Nimewaambia Iliasi bado tunamutafuta, na Alain nimemuambia afunge kinywa. Wakijua kuna maiti, hapo hapo ni kaburi, watapanda juu, na ile jiwe siwezi kuiinua peke yangu. Niko nakuomba kitu mutu haombi mwenzake. Usilie. Mpaka nikupigie."

"Yeye atabaki pale?"

"Shimo litakuwa kaburi yake. Hakuna atakayemugusa."

Simu ikakatika. Asma alijiuma mkono, chini ya kidole gumba, mpaka akasikia ladha ya chumvi. Kwa hiyo tangu Jumanne. Uji wote ule, masomo yote yale, alikuwa anamlinda mtu aliyekwisha kwenda. Akamwona Iliasi anavyosimama mlangoni akivua viatu kwa kisigino. Kilio kikampanda kama maji ya kisima yanayovutwa, na kilikuwa haki yake, hakuna hakimu wala shehe ambaye angemlaumu. Likamjia pia wazo baya: kwa nini aliyepona awe wa Rosine? Kwa nini mimi nimeze ili yeye apige vigelegele? Liliingia, likakaa kidogo. Asma hakulifukuza, hakuwa na nguvu hizo. Aliliacha pale kwenye kuni, akafuta mkono kwenye nguo, akarudi uani.

"Wanasemaje?" Amuri alikuwa amesimama.

"Wamekaribia. Bado wanachimba."

"Wamesikia sauti?" aliuliza Rosine. "Asma, niangalie. Wamesikia sauti?"

"Wamekaribia sana, Mama Alain." Angemjibu la Alain, swali la pili lingekuwa la Iliasi. Aliketi mahali pake, akainua simu usawa wa uso. "Kuna somo moja sijawahi kuwasomea. Sikilizeni."

Hapakuwa na somo lolote. Asma alitazama maandishi ya nchi ile ya mbali na sahani zake, akasoma kitu kingine. Alisoma mji mmoja wenye soko, karibu na mto mkubwa. Alisoma mwanamume mmoja wa mji huo aliyekwenda mbali kutafuta riziki, na mkewe akawa hapati usingizi. Siku moja pikipiki ikasimama nje, akashuka yeye, amekonda, mabati yamefungwa nyuma. Mama yake hakumsalimia, alianza kwa kumgombeza kwa ule wembamba, kisha akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko chakula kinavyotaka. Mtu yule akaezeka nyumba. Akalifungua duka la baba yake, akalipaka rangi ya kijani, akauza sabuni na chumvi, na baba yake mkubwa akapita kila siku kumwonyesha makosa.

Watu walicheka kidogo. Amuri naye alikohoa, akatazama pembeni.

Asma aliendelea kusoma. Mtu yule akaanza kuota mvi, na mkewe akamwambia ni unga. Waligombana juu ya redio. Yeye alitaka habari, mke alitaka mazuri tu, wakapatana kuizima wakati wa kula. Alikuwa na tabia moja ya kuvua viatu kwa kisigino mpaka vikaharibika nyuma, na mkewe akachoka kusema. Sauti ya Asma haikutetemeka, jambo ambalo lilimshangaza yeye mwenyewe. Ilikuwa inamwagika, na yeye yuko nyuma yake anaitazama. Hakuwa amekigusa kioo kwa muda, na kioo kikazimika. Akaendelea kusoma kwenye weusi.

Mkono uliwekwa juu ya goti lake. Ulikuwa wa Mama Amisa. Ulikaza, ukakaza mpaka ukauma. Asma hakuthubutu kugeuka. Alisikia pumzi ya yule mama ikiingia, ndefu, ikasimama huko ndani, isitoke. Kisha sauti, kavu, ya chini.

"Endelea, mutoto yangu. Soma yote. Rosine iko anasikiliza."

Adhana ya alasiri ikapanda kutoka msikitini.

Amuri aliinuka, akakung'uta kanzu. "Basi. Nilisema mpaka alasiri."

"Amuri, kaa chini," alisema Mama Amisa.

Katika maisha yake yote ya ndoa na ya ujane hakuwahi kumwita shemeji yake kwa jina tupu.

"Mimi ni mukubwa wa..."

"Uko mukubwa. Kaa, ao nenda uswali. Swala ni ya Mungu, hakuna anayekuzuia. Kilio ni ya mimi niliyemuzaa, na bado sijaitoa. Mutoto anasoma."

Amuri alifungua kinywa, akamtazama machoni. Alichokiona humo hakuna anayejua, lakini kiliondoa maneno yote aliyokuwa nayo. Akachukua ndoo ya udhu, akatoka, wanaume wakamfuata.

Asma akasoma. Mtu wa kwenye somo alikuwa amezeeka sasa, anaota jua mlangoni na kuwasumbua wapita njia kwa salamu ndefu. Asma hakujua ampeleke wapi zaidi ya hapo. Akampa wajukuu. Akampa bustani ya nyuma ya nyumba. Akawa anatafuta kingine cha kumpa, hakukipata, na hapo kioo kikawaka mkononi mwake, simu ikalia.

Hakuhitaji kuiweka sikioni. Kelele zilisikika uani kote, wanaume wakipiga mapanga kwenye mawe, na Marcellin akipiga kelele juu yao: "Ametoka! Alain ametoka, iko juu! Mupe mama yake!"

Asma alimpa Rosine simu. Rosine aliishika kwa mikono miwili, kama kikombe cha moto. Ilitoka sauti nyembamba, ya mtu mwenye vumbi kooni, ikasema neno moja, na Rosine akaanguka magoti. Akapiga kigelegele. Wanawake wakakidaka, kikazunguka ua, kikapita juu ya bashi, kikatoka mtaani. Walikumbatiana wasiokuwa wanasalimiana. Wawili walikuwa wanacheza.

Kisha Rosine akageuka, uso umelowa.

"Na Iliasi? Mama Iliasi, na Iliasi?"

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Asma alitaka kumjibu. Kinywa kilifunguka, hakuna kilichotoka, kwa maana alikuwa amekifunga vizuri mno.

Mama Amisa aliinuka kutoka mkekani, taratibu, mkono mmoja begani kwa Asma. Akakitoa kikwembe kichwani, akakifunga kiunoni, wanavyofunga wafiwa.

"Ulishaniambia pale kioo ilipozimika, ukaendelea kumuzeesha mutoto yangu," alisema. "Ulimuzeesha vizuri. Aksanti. Sasa tulie."

Akalia yeye kwanza. Kilikuwa kilio cha tangu Jumanne, kilitoka na pumzi yote iliyokuwa imefungwa nyuma yake, na Asma akaingia ndani yake kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Wanawake wakawazunguka. Simu ilikuwa bado mkononi mwa Rosine, na ndani yake Alain alikuwa anaita, "Mama? Mama, uko?" Rosine aliibana kifuani, akalia pamoja nao.